Siku Tano Barabarani, Miaka Miwili Ndani ya Hema



Mwezi huu tunawaletea habari ya familia zilizofukuzwa kwenye nyumba zao zikaenda kuishi katika mahema kando ya barabara. Hazikukimbia vita. Hazikuvuka mpaka wowote. Zilikuwa ndani ya nchi yao wenyewe, tena nchi tajiri sana, na kosa lao lilikuwa moja tu: baba au mama wa nyumba alikwenda kuandikisha jina lake kwenye daftari la wapiga kura.

Nchi hiyo ni Marekani, jimbo la Alabama, mwaka 1965. Wengi wetu tumesikia jina la Martin Luther King, na wengine tumeona picha za watu wakivuka daraja huku askari wakiwasubiri upande wa pili. Lakini habari ya mahema hayo haisimuliwi sana. Tumeona tuisimulie sisi, maana sisi hema tunalijua. Tunajua mvua ikinyesha usiku inakuwaje. Tunajua mtoto akiuliza "tutarudi lini nyumbani?" mzazi anavyokosa la kusema.

Na tuseme mapema ili tusieleweke vibaya: hatuandiki haya ili mtu aandamane kambini. Sisi ni wageni, na nchi iliyotupokea ina sheria zake. Tunaandika kwa sababu ya watoto wetu. Wengi wao hawajawahi kuwaona wazazi wao wakipiga kura ya nchi. Wajue basi kwamba kura ina bei yake, na wajue ni watu wa namna gani waliilipa.

Daftari lililofungwa

Selma ni mji mdogo kando ya mto Alabama. Miaka ile ya 1960 karibu nusu ya wakazi wake walikuwa watu weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa. Tangu mwaka 1870 Katiba ya Marekani ilikuwa imesema kwamba raia asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake. Karatasi ilisema hivyo. Mambo yenyewe yalikuwa mengine.

Katika wilaya ya Dallas, ambayo Selma ndiyo makao yake (si ule mji mkubwa wa Texas), watu weusi wenye umri wa kupiga kura walikuwa kama 15,000. Waliokuwa wameandikwa kwenye daftari walikuwa kama 300 tu. Wengine wote walikuwa wapi? Walikuwepo, na walitaka. Ila mlango ulifungwa kwa ujanja.

Ofisi ya kuandikisha ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Ukifika, unakuta foleni. Karani akitaka anachelewa, akitaka anaenda kula. Zamu yako ikifika unapewa mtihani: soma kifungu cha Katiba, eleza maana yake, jibu maswali juu ya serikali. Anayesahihisha ni karani huyo huyo, na hakuna wa kumuuliza kwa nini umeshindwa. Mwalimu mwenye digrii aliweza kuambiwa ameanguka. Tena ulitakiwa mtu aliyekwisha kuandikwa aje akudhamini. Sasa kama karibu wote walioandikwa ni wazungu, nani atakudhamini? Na juu ya hayo, kwa chaguzi za jimbo kulikuwa na kodi ya kupiga kura.

Haya hatuhitaji kuelezwa sana. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni tangu alfajiri, jua likampata hapo hapo, halafu dirisha likafungwa akiwa amebakiza watu watatu mbele yake, anaelewa.

Tarehe 7 Oktoba 1963 watu kama 350 wa Selma walipanga mstari mbele ya jumba la mahakama ili waandikwe. Wazee, akina mama, vijana. Walisimama siku nzima bila chakula wala maji. Sherifu wa wilaya, yaani mkuu wa polisi, Jim Clark, alikataza mtu yeyote asiwasogelee. Vijana wawili walipojaribu kuwapelekea chakula na maji pale kwenye mstari, walipigwa wakakamatwa. Jioni ilipofika ni wachache mno waliokuwa wamefika kwa karani. Wengine walirudi nyumbani, wakasubiri siku nyingine ya ofisi kufunguliwa.

Miswaki mfukoni

Mama mmoja wa Selma, Amelia Boynton, alikuwa akiifanya kazi hii pamoja na mume wake tangu miaka ya 1930: kuwafundisha watu jinsi ya kujaza fomu na kuwatia moyo waende. Vijana wa chama cha wanafunzi kilichoitwa SNCC walifika Selma mwaka 1963. Martin Luther King aliitwa baadaye, akahutubia kanisa la Brown Chapel tarehe 2 Januari 1965. Kwa hiyo msidhani mambo yalianza na mtu mkubwa aliyetoka mbali. Yalianza na majirani.

Tarehe 22 Januari 1965 walimu weusi zaidi ya 100 walitoka shuleni wakaelekea mahakamani kuomba kuandikwa. Aliyewaongoza ni mwalimu mwenzao, mchungaji Frederick Reese. Ajira zao zilikuwa mikononi mwa bodi ya shule ya wazungu, kwa hiyo kila mmoja wao angeweza kupoteza kazi siku hiyo hiyo. Wengine walibeba miswaki ya meno, kuonyesha kwamba wako tayari kulala jela. Sherifu na watu wake waliwasukuma kwa virungu, wakashuka ngazi, wakapanda tena, wakasukumwa tena. Hawakuandikwa siku ile. Lakini walipokuwa wakirudi kanisani, wanafunzi wao waliwapokea kwa nyimbo na makofi. Baada ya walimu walitoka wasusi wa nywele, wakatoka na wenye kazi ya mazishi. Kila kundi likasema: kama walimu wameweza, na sisi je?

Watoto nao hawakubaki nyuma. Mwezi wa pili mamia ya wanafunzi walikamatwa. Siku moja, tarehe 10 Februari, watu wa sherifu waliwakimbiza wanafunzi zaidi ya 150 nje ya mji, maili nzima na zaidi, huku wakiwachoma kwa fimbo za umeme za kuswagia ng'ombe.

Aliyemkinga mama yake

Usiku wa tarehe 18 Februari 1965, katika mji jirani wa Marion, watu walitoka kanisani wakitaka kwenda kuimba karibu na jela, kwa ajili ya mwenzao aliyefungwa. Taa za barabarani zilizimwa. Askari wa jimbo wakaanza kupiga.

Babu mmoja wa miaka 82, Cager Lee, alipigwa akatoka damu. Alikimbilia ndani ya mkahawa pamoja na binti yake na mjukuu wake. Mjukuu huyo aliitwa Jimmie Lee Jackson, kijana wa miaka 26, shemasi wa kanisa, ambaye alikuwa amejaribu mara kadhaa kujiandikisha bila kufaulu. Askari walipoingia mkahawani wakampiga mama yake, yeye aliingia kati kumkinga. Akapigwa risasi tumboni. Alifariki hospitalini tarehe 26 Februari.

Askari aliyempiga risasi hakushtakiwa wakati ule. Mwaka 2010, yaani miaka 45 baadaye, alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia, akapewa kifungo cha miezi 6. Tunaitaja habari hii kwa sababu kuna familia kati yetu zinazongoja haki kwa muda mrefu, na wanajua miaka 45 ni mirefu kiasi gani.

Kwa sababu ya kifo hicho watu walisema: twende kwa miguu mpaka Montgomery, mji mkuu wa jimbo, tumuulize gavana kwa macho yake.

Daraja

Jumapili tarehe 7 Machi 1965, watu kama 600 walitoka Brown Chapel wawili wawili, kimya. Mbele walikuwa John Lewis na Hosea Williams. Walipofika juu ya daraja la Edmund Pettus waliona upande wa pili askari wa jimbo wamejipanga kuziba barabara, na watu wa sherifu wakiwa juu ya farasi. Waliamriwa kutawanyika kwa dakika mbili. Hazikutimia. Askari wakawavamia kwa virungu, mabomu ya machozi yakarushwa, farasi wakapita katikati ya watu. John Lewis alivunjwa fuvu la kichwa. Mama Amelia Boynton aliachwa barabarani amezimia. Msichana wa miaka 14, Lynda Blackmon, alishonwa nyuzi 35 kichwani na juu ya jicho.

Wenye kamera walikuwepo. Jioni ile kituo kimoja cha televisheni kilikatiza filamu iliyohusu kesi za Wanazi wa Ujerumani, kikaonyesha daraja la Selma. Watu walikuwa wanatazama ubaya wa nchi nyingine, ghafla wakaonyeshwa wa kwao. Siku zilizofuata watu wa dini kutoka kila pembe walisafiri kwenda Selma, weusi kwa weupe. Mmoja wao, mchungaji mzungu James Reeb kutoka Boston, alipigwa mtaani usiku wa tarehe 9 Machi, akafa tarehe 11.

Tarehe 15 Machi Rais Lyndon Johnson alikwenda bungeni kuomba sheria mpya ya kura. Tarehe 17 jaji Frank Johnson aliamua kwamba watu wana haki ya kutembea mpaka Montgomery. Ila aliweka sharti: pale barabara inapokuwa nyembamba wasizidi watu 300.

Kilomita 87

Safari ilianza Jumapili tarehe 21 Machi. Watu zaidi ya 3,000 walivuka daraja lile lile, wanajeshi wa serikali kuu wakiwalinda. Mzee Cager Lee, babu wa marehemu, alikuwa mbele. Walioendelea kwenye sehemu nyembamba walikuwa 300. Mmoja wao ni yule Lynda. Tarehe 22 alitimiza miaka 15 akiwa njiani. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kufungwa mara 9. Mwingine alikuwa mzungu kutoka Michigan mwenye mguu mmoja, aliyekwenda kwa magongo.

Sasa fikirini kazi iliyokuwa nyuma ya safari hiyo. Watu 300 wanatakiwa kula, kulala, kunywa maji, kwenda chooni, kwa siku tano. Akina mama walipika kwa masufuria makubwa katika jiko la kanisa moja la Selma, chakula kikapelekwa kwa gari kila jioni. Tambi zilibebwa ndani ya mapipa mapya ya taka, kwa sababu hapakuwa na chombo kingine cha kutosha. Wengine walipanga usafiri, wengine walisimika mahema, wengine walitibu miguu yenye malengelenge. Picha za magazeti zinaonyesha waliotembea. Waliopika hawaonekani kwenye picha, lakini bila wao hakuna ambaye angefika.

Na mahema yalisimikwa wapi? Hapa tuwe makini, maana ndipo penye kiini cha habari yetu. Usiku wa kwanza walilala kwenye shamba la David Hall. Wa pili kwa mama mjane, Rosie Steele. Wa tatu kwa Robert Gardner. Wa nne kwenye eneo la Kanisa Katoliki la St. Jude, Montgomery kwenyewe. Wote watatu wa mwanzo walikuwa watu weusi waliomiliki ardhi yao wenyewe. Waliweza kutishwa, na walitishwa kweli, lakini hakuna mwenye shamba aliyeweza kuwaambia "ondoka kwangu". Jirani zao wengi hawakuwa na bahati hiyo.

Usiku wa kwanza baridi ilikuwa kali. Siku ya tatu ilinyesha mvua na uwanja ukawa tope tupu. Usiku wa mwisho wasanii walikuja kuimba, akiwemo Harry Belafonte, yule aliyeimba pamoja na Mama Miriam Makeba. Tarehe 25 Machi waliingia mjini wakiwa wamekuwa watu kama 25,000. Siku ile gavana George Wallace hakutoka kuwapokea.

Usiku huo huo mama mmoja mzungu kutoka Detroit, Viola Liuzzo, mwenye watoto watano, alikuwa akiwarudisha watu Selma kwa gari lake. Watu wa Ku Klux Klan walimfukuza barabarani wakampiga risasi, akafa. Alikuwa na miaka 39. Mahali alipouawa ni ndani ya wilaya ya Lowndes. Kumbukeni jina hilo.

Sheria imepita, nyumba imekwenda

Tarehe 6 Agosti 1965 Rais alitia sahihi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Mitihani ile ya kusoma ilisimamishwa. Serikali kuu ilipeleka makarani wake mahali ambapo makarani wa wilaya walikataa kuandika watu. Na majimbo yenye historia mbaya yalizuiwa kubadilisha kanuni za uchaguzi bila kuomba ruhusa kwanza.

Mtu angedhani habari imeishia hapo. Waandamanaji walirudi makwao, kamera zikaondoka. Lakini barabara nambari 80, ile waliyoitembea, inapita katikati ya Lowndes. Katika wilaya hiyo watu wanne kati ya watano walikuwa weusi, na mwanzoni mwa mwaka 1965 hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameandikwa kupiga kura. Hata mmoja! Ardhi nyingi ilikuwa mikononi mwa familia chache za wazungu. Familia nyingi nyeusi zililima mashamba ya hao na kukaa kwenye nyumba za hao. Shamba si lako, nyumba si yako, na duka unalokopa ni la mwenye shamba au la rafiki yake.

Makarani wa serikali kuu walipofika mwezi wa nane, watu wakaenda kuandikwa. Habari ziliwafikia wenye mashamba upesi. Basi mavuno yalipokwisha na baridi ikaingia, wakaanza kufukuza. Kuna waliozaliwa kwenye shamba hilo hilo, na baba zao pia, wakaambiwa watoke na watoto wao na vyombo vyao.

Waende wapi? Wengine waliondoka kabisa wakaenda miji ya kaskazini, na hilo ndilo walilotaka wenye mashamba: mpiga kura akihama, kura yake imehama. Viongozi weusi wa wilaya, akiwemo John Hulett, pamoja na vijana wa SNCC, wakasema hapana, wabaki. Walipata kipande cha ardhi kando ya barabara ile ile nambari 80. Mwishoni mwa Desemba 1965 wakasimika mahema, wakatafuta vitanda vya turubai, majiko ya kuota moto, chakula na maji. Mahali hapo pakaitwa Mji wa Mahema.

Familia kadhaa ziliishi pale, nyingine zikiwa na watoto wengi. Usiku watu walipita na magari wakifyatua risasi kuelekea mahemani. Wazee walilinda kwa zamu. Mchana wengine walitafuta vibarua, lakini nani angempa kazi mtu wa mahemani? Wapo waliokaa hapo miaka miwili na nusu.

Ndugu msomaji, tafadhali pima jambo hili. Safari ya Montgomery ilikuwa siku tano, na ulimwengu wote uliiona. Maisha ya mahemani yalikuwa siku zaidi ya 700, na hakuna aliyekuwa akitazama. Kila asubuhi baba au mama angeweza kurudi kwa mwenye shamba na kusema "nisamehe, nifute kwenye daftari". Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko ya kutembea. Sheria ililetwa na waliotembea. Waliobaki mahemani ndio walioifanya sheria hiyo ifanye kazi.

Kura ya kwanza, na ya pili

Watu wa Lowndes waliunda chama chao. Katika Alabama kila chama kilitakiwa kuwa na alama kwenye karatasi ya kura, kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Wao walichagua chui mweusi. Tarehe 8 Novemba 1966 wakapiga kura. Je, walishinda? Hapana. Wagombea wao wote walishindwa. Bado kulikuwa na vitisho, na wapo waliopelekwa na mabosi wao kupiga kura kama walivyoambiwa.

Hawakuchana kadi zao. Walirudi tena. Mwaka 1970 John Hulett alichaguliwa kuwa sherifu wa Lowndes, kiti ambacho mtu mweusi alikuwa hathubutu hata kukikaribia, akakishika zaidi ya miaka 20. Kule Selma, Jim Clark alikuwa ameshindwa uchaguzi mapema zaidi, mwaka 1966, kwa kura za watu wale wale aliowasukuma kwenye ngazi. Katika Alabama yote, watu weusi walioandikwa walikuwa chini ya mmoja kati ya watano kabla ya sheria. Kufikia mwaka 1967 walikuwa zaidi ya nusu.

Tusiwadanganye kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyoanzia Alabama hiyo hiyo, iliondoa nguvu ya ile sehemu ya sheria iliyodai majimbo yaombe ruhusa kwanza. Mabishano juu ya nani aandikwe na kwa karatasi gani yaliendelea. Mama Amelia Boynton alivuka tena daraja lile mwaka 2015 akiwa juu ya kiti cha magurudumu, mkono wake umeshikwa na Rais Barack Obama. Alifariki mwaka huo huo. John Lewis, aliyekuwa mbunge kwa miaka mingi, alifariki mwaka 2020, na jeneza lake likapitishwa juu ya daraja mara ya mwisho.

Hata upande wetu

Wasomaji wetu kutoka Kongo wana kumbukumbu zao. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa walitoka misani wakaandamana na Biblia na rozari mikononi, wakidai Mkutano wa Taifa ufunguliwe tena. Wanajeshi waliwapiga risasi, watu wakafa. Mwezi wa nne mkutano ukafunguliwa. Tarehe 31 Desemba 2017 walei wakatoliki waliita watu tena baada ya misa, wakidai uchaguzi uliokuwa umeahirishwa. Napo damu ilimwagika. Uchaguzi ukafanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kutoka kanisani kwenda barabarani: njia hiyo Selma waliijua, na kwetu inajulikana.

Pia wapo ndugu zetu waliopelekwa Marekani katika miaka iliyopita. Mkimbizi akikaa kule miaka 5 huweza kuomba uraia, na raia huandikwa kupiga kura. Ndugu yako anaposimama kwenye mstari wa kura kule, mstari huo ulifunguliwa pia na wale wa mahemani.

Sisi je?

Hatuna kura ya nchi kwa sasa. Lakini yapo mambo matatu ambayo yako mikononi mwetu.

La kwanza ni majina. Habari hii yote ilikuwa vita juu ya jina kuwemo kwenye daftari. Mtoto akizaliwa hapa, aandikishwe, na cheti chake kitunzwe pakavu, kisikae chini ya godoro kiloe. Siku moja karatasi hiyo itasema huyu ni nani na wazazi wake wametoka wapi. Kadi ya zamani ya mpiga kura, ya shule, ya ubatizo, zote ziwekwe pamoja.

La pili ni uchaguzi wetu mdogo wa viongozi wa kambi. Tunajua watu husema "aah, hiyo si serikali". Lakini hapo ndipo binti yako anapoona kama mama yake anachagua mwenyewe au anaambiwa na baba. Hapo ndipo kijana anajifunza kama kura inauzwa kwa kipande cha sabuni.

La tatu ni kusimulia. Watoto waambiwe: babu yenu alipiga kura mahali fulani, mwaka fulani, alama ilikuwa hii, na baadaye mambo yakaharibika hivi. Ukweli wote, na sehemu zinazotuaibisha sisi wenyewe pia.

Mahali palipokuwa na Mji wa Mahema leo pana jumba la makumbusho, lilifunguliwa mwaka 2006. Watoto wa shule wanapelekwa kuona jinsi watu walivyoishi pale. Mahema yenyewe hayapo tena. Waliokaa ndani yake walipata nyumba, na majina yao yalibaki kwenye daftari.

Ya kuzungumza nyumbani jioni

1. Kama ungekuwa mwalimu wa Selma mwenye watoto wanne, ungebeba mswaki? Nani angewalisha watoto?

2. Mzazi wa Lowndes alibaki hemani ili jina lake lisifutwe. Je, alifanya vizuri kwa watoto wake, au aliwatesa? Sikilizeni kwanza watoto wanasema nini.

3. Katika familia yetu, nani aliwahi kupiga kura? Asimulie siku hiyo ilikuwaje.

Tutafurahi kupata majibu yenu kwa ajili ya toleo lijalo. Andikeni hata nusu ukurasa, au mje mtusimulie, sisi tutaandika. Mbaki salama.